Darasa la Sita Lililofichwa Kanisani

Mlinipa vitenge viwili, ndoo ya plastiki na hotuba ndefu, halafu mkaniomba niandike uzoefu wangu ili vijana wajifunze. Haya, naandika. Ila mkitegemea nitawasimulia nilivyopanda daraja hadi daraja mmeula wa chuya, kwa sababu vyeo na mishahara sitagusa. Hivyo viko kwenye jalada langu, mwenye hamu akasome huko. Nitaandika kazi yenyewe, na nitaandika nikiwa na hasira, msije mkasema hamkuonywa. Siku ya kuniaga, mshereheshaji wenu alishika kipaza sauti akasema, "Mama Tumaini katika miaka yake yote hakuwahi kuandika namba ya uongo!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimevikwa shada la maua ya plastiki, natamani nisimame nimnyang'anye kile kipaza sauti.

Siku hizi mnaitwa wathibiti ubora. Jina zuri, linajaza mdomo. Sisi tulikuwa wakaguzi tu. Nilianzia Babati, miaka ya themanini, tukiwa bado chini ya mkoa wa Arusha na mji wenyewe ukiwa ni barabara moja ya vumbi, soko na ofisi za kuhesabika. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, sijafikisha miaka thelathini, na nilijiona najua kila kitu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati lisilofungika, na taipureta iliyokuwa inaruka herufi ya "e", kwa hiyo kila ripoti tuliijaza "e" kwa kalamu kabla ya kuituma.

Nyie mliozaliwa juzi hamwezi kuielewa miaka ile hata niwaeleze mpaka kesho. Dukani mlikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni mpaka umjue mtu anayemjua mtu. Wengine tulifulia majani ya mpapai. Chai tulikunywa kavu. Vitambaa ndiyo usiseme kabisa, watu walivaa suruali mpaka viraka vikawa vingi kuliko suruali yenyewe. Shuleni, chaki moja ilikatwa vipande vitatu na mwalimu mkuu kwa mkono wake, akavifungia kabatini. Landrova ya ofisi ilikuwa imekaa nyuma ya jengo bila petroli, kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha dereva. Tulikwenda kukagua kwa baiskeli au kwa miguu, na hakuna aliyetuonea huruma kwa sababu walimu wote nao walikuwa kiguu na njia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw mrefu wa kule juu Mbulu, mwenye koti la sufu alilolivaa hata jua likiwaka. Alisema Kiswahili polepole, kama mtu anayekagua kila neno kabla hajaliruhusu litoke. Siku ya kwanza, hata begi sijaweka chini, akaniambia, "Binti, utadanganywa sana. Ukifika shuleni usikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Usinywe chai yao kabla hujahesabu watoto. Na ukihesabu, hesabu vichwa, usihesabu maelezo." Akanipa rula, kalamu ya wino mwekundu na rundo dogo la fomu zilizochapwa kwa saiklostaili. Akaniagiza nizitunze, kwa sababu zikiisha hakuna ajuaye nyingine zinatoka wapi.

Maana ya maneno yake niliiona mwezi uleule. Tulikwenda shule moja ya kijijini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Rejista ilisema darasa la tatu lina watoto sitini. Tukahesabu, sitini kweli. Darasa la nne hamsini. Tukahesabu, hamsini kweli. Nikafurahi, nikasema moyoni hapa kuna mwalimu mkuu. Mzee Bura hakufurahi. Alikuwa amemwona mtoto mwenye kidole cha mguu kilichofungwa kitambaa chekundu akiwa darasa la tatu, na sasa yuleyule yuko darasa la nne anahema. Walikuwa wanapitishwa dirishani! Mzee akaenda jikoni kwa mwalimu, akarudi na kipande cha mkaa, tukaanza upya. Kila mtoto aliyehesabiwa alipakwa alama ya mkaa kwenye kidole gumba. Darasa la tatu likaishia thelathini na wanane.

"Wengine wametoka kidogo kwenda kujisaidia," mwalimu mkuu akasema.

"Wote kwa pamoja?" Mzee Bura akauliza. "Wamekula nini?"

Walifanya vile kwa sababu chaki na madaftari viligawiwa kwa idadi ya watoto, kwa hiyo kila shule ilizaa watoto wa kwenye karatasi. Tangu siku ile nilitembea na mkaa kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na nikaupenda sana ule mkaa. Hakuna mwalimu mkuu aliyenipiga chenga tena. Walianza kuniogopa, nami nikaanza kufurahia kuogopwa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mwaka uliofuata likashuka agizo kutoka kwa wakubwa wa juu. Walimu hawatoshi, vitabu hakuna, kwa hiyo shule ndogo za mitaani zenye madarasa ya juu zikaguliwe moja moja. Darasa la juu kabisa likikutwa na watoto chini ya thelathini, madarasa yote kuanzia la tano yafungwe, watoto wahamishiwe shule kubwa ya mjini. Idadi itakayotumika ni ya watakaokutwa darasani siku ya ukaguzi. Nililiona agizo zuri kabisa. Lilikuwa linafanana na mimi.

Shule ninayotaka kuwaeleza ilikuwa upande wa Nangara. Jina lake siliandiki, wapo waliosoma pale. Ilikuwa shule changa, wazazi wameifyatulia matofali wenyewe, na ilikuwa imepanda darasa moja kila mwaka mpaka ikafika la sita. Likifungwa hilo la sita, ndoto ya kuwa na la saba imekwisha, na mtoto wa mtaa ule atatakiwa avuke mto na kutembea hadi upande wa pili wa mji. Kwa wavulana hiyo ni safari. Kwa wasichana, wazazi wa pale walikuwa wameshasema waziwazi kwamba huko hawatawapeleka.

Tulitakiwa kupeleka barua wiki moja kabla. Niliipiga mimi taipu. Mzee Bura alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo siku ya ukaguzi nilikwenda peke yangu, kwa miguu, na kikopo changu cha mkaa begini. Nakiri nilijisikia mkubwa.

Nilifika saa mbili asubuhi. Watoto wote walikuwa mstarini, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana pamoja, kwa sababu siku ya ukaguzi shule nzima ilitakiwa ionekane kwa mara moja. Waliimba vizuri. Na kila mmoja, kuanzia kadogo ka darasa la kwanza hadi wakubwa wa la sita, alikuwa amevaa sare. Shati jeupe, kaptula au sketi ya buluu, limefuliwa, limenyooshwa. Hapo nilipaswa kushtuka. Mwaka ule hapakuwa na shule hata moja Babati nzima ambayo watoto wote walikuwa na sare. Lakini mimi nilisema moyoni, angalau hawa wana nidhamu.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Gwandu, mtu mzima mwembamba, mpole mpaka anakera, mwenye tai moja aliyoifunga kwa heshima yangu. Nilikataa chai yake. Tukaingia darasa la sita. Nikahesabu, nikapaka mkaa, nikahesabu tena. Kumi na tisa. Nikafungua rejista. Arobaini na watatu.

"Mwalimu, wengine wako wapi?"

"Wako shambani, Mkaguzi. Shamba letu liko chini kule ziwani, viboko waliingia kwenye mahindi."

"Watoto ishirini na wanne wamekwenda kutazama viboko?"

Akaangalia chini. "Viboko walikuwa wengi."

Nilikaribia kucheka, lakini hasira ilinitangulia. Nikajua nimeshampata mwongo mwingine. Pale dirishani alikuwa amesimama mwalimu wa darasa lenyewe, Mwalimu Paskalina, binti mdogo wa mpango wa UPE, wale waliofundishwa ualimu huku wakifundisha. Alifungua mdomo aseme, Mwalimu Gwandu akamtazama, akaufunga.

Nikaenda kukagua vyoo, kama fomu ilivyotaka, na Paskalina akanifuata hukohuko.

"Shikamoo tena Mkaguzi. Naomba unisamehe. Watoto hawako shambani."

"Wako wapi?"

"Wako kanisani."

Ng'ambo ya njia, hatua kama mia, kulikuwa na kanisa la kigango, la udongo na bati, halina mlango. Tukaenda. Mpaka naingia sikusikia sauti hata ya kikohozi. Walikuwa mle ndani, wamekaa kwenye magogo, kimya, kwa sababu walikuwa wameambiwa mgeni asiwasikie. Mvulana mmoja alivaa gunia lililotobolewa matundu matatu. Mwingine alikuwa na koti la babake lililokatwa mikono, ndani hana kitu. Wasichana walikuwa wamejifunga kanga za mama zao shingoni, zimechakaa mpaka zinaonyesha mwili. Kumbukeni hawa ndio wakubwa wa shule. Walikuwa wamerefuka, sare zao za zamani zimerithiwa na wadogo zao, na kitambaa cha kushona nyingine hakikuwepo mji mzima.

Wakasimama wote. "Shikamoo Mwalimu!" Kwa sauti ya kunong'ona. Watoto arobaini kasoro kumi na sita wananiamkia kwa kunong'ona ndani ya kanisa!

Sakafuni walikuwa wamechora sehemu kwa makaa. Nusu, theluthi, robo, zimepangwa vizuri, na majibu yake sahihi. Nilifundisha hesabu, najua darasa linalofahamu na darasa linalokariri. Hili lilikuwa linafahamu.

"Nani anawafundisha?"

Msichana mmoja mrefu akatoka mbele, kanga ameishika kwa mkono mmoja isimfunguke. "Mimi, Mwalimu. Naitwa Teresia, kiranja wa darasa la sita. Mwalimu Paskalina alituachia kazi, mimi nasimamia."

"Sare yako iko wapi?"

"Ameivaa mdogo wangu, yuko la pili. Kila siku yeye anasoma asubuhi. Namngoja pale njiani, ananivulia, nakuja mchana. Leo tumeitwa wote asubuhi." Alieleza tu, hakuwa analalamika. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na sisi tutahesabiwa?"

Jibu langu ni hili, na ninaliandika kama nilivyolisema: "Kaeni. Nitaongea na mwalimu wenu mkuu."

Nilivuka ile njia nimefura. Mwalimu Gwandu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, tai yake shingoni, anajua. Sikumwamkia tena wala sikushusha sauti. Nilimwambia amewafungia watoto wa watu kama mbuzi, amenidanganya mimi, mtu wa serikali, viboko gani, aibu gani hii. Walimu wengine walikuwa wanasikia na watoto wanasikia. Aliniacha nimalize. Halafu akaingia ndani, akatoka na karatasi, akanipa kwa mikono miwili.

Ilikuwa barua yetu. Mstari wa tatu ulisema: "Hakikisha wanafunzi wote wanakuwa nadhifu na wenye sare kamili. Wasio na sare wasionekane katika eneo la shule siku ya ukaguzi." Chini kulikuwa na saini yangu. Zile "e" zote nilizijaza mimi kwa kalamu.

Sikuutunga ule mstari. Nilichukua barua ya zamani kwenye jalada, ya miaka ambayo kitambaa kilikuwa kinauzwa kila duka, nikabadilisha jina la shule na tarehe, nikasaini. Sikuisoma. Hivyo ndivyo barua nyingi za serikali zinavyoandikwa, na msinikunjie uso, nimeshika barua zenu nyingi.

"Tuliona tukupokee kwa heshima, Mkaguzi," Mwalimu Gwandu akasema. "Ningekuonyeshaje binti za watu wakiwa vile? Na barua ilikataza."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapowaandikia. Pale pale ningeweza kuvuka njia na kikopo changu, nikapaka vidole ishirini na vinne. Isingezidi robo saa. Paskalina mwenyewe aliniambia, machozi yanamtoka, "Mama, una mkaa. Wapake uone kama ni wa kuazima! Wasichana ni kumi na sita mle ndani. Ukifunga hapa, hao wote watakuwa wamemaliza shule leo."

Nikamwambia, "Kanisa si darasa."

Nilisema hivyo kwa nini? Nimejiuliza miaka mingi na jibu ni dogo na baya. Nilikuwa nimeshamfokea mzee wa watu mbele ya shule nzima, halafu ikaonekana kosa ni langu. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilitaka kumkomesha. Nilitaka akose yeye, barua isikose. Nikakaa kwenye dawati la mtoto, nikaandika kwa wino mwekundu: waliokutwa darasani, kumi na tisa. Namba ya kweli tupu. Nikasaini, nikaondoka, na chai yao sikuinywa, eti nisionekane nimehongwa.

Mzee Bura alirudi kazini keshokutwa yake, amekonda, koti linamning'inia. Akaisoma fomu, akanitazama, nikamweleza yote. Hakunifokea. Akasema, "Rudi ukawahesabu."

"Fomu zimeisha, Mzee. Hiyo ilikuwa ya mwisho."

"Andika nyuma yake."

"Nimeshasaini."

Aliiweka fomu mezani. Kisha akasema, "Binti, nilikufundisha kuhesabu vichwa ili waongo wasituonee watoto. Wewe umekuwa nani?" Akaenda kumtafuta tarishi aizuie bahasha yenye nakala niliyokuwa nimeituma juu, akakuta imeondoka na basi la asubuhi. Fomu zilikuwa zimeisha kweli, hilo si uongo. Nimejificha nyuma ya ukweli huo mara nyingi sana.

Taarifa za ile bahasha zilimfikia Mwalimu Gwandu kabla ya majibu ya wakubwa, kwa sababu Babati hakuna siri. Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, nikasikia kelele nje ya ofisi. Nikachungulia. Alikuwa amekuja nao. Wote ishirini na wanne, na Paskalina nyuma yao, wamevuka mto, wamekatiza katikati ya soko siku ya mnada na magunia yao na kanga zao, watu wakiwatazama, wengine wakiwacheka. Yule mzee aliyeona aibu watoto wale waonekane na mtu mmoja alikuwa amewapitisha mbele ya mji mzima. Aliwapanga mstari mbele ya dirisha letu.

"Mkaguzi," akaita, "nimewaleta wahesabiwe."

Mzee Bura akatoka. Aliwahesabu mmoja mmoja, akiuliza jina la kila mmoja na kuliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa polepole. Ilichukua muda. Mimi nilibaki ndani. Nilikaa nyuma ya taipureta na kujifanya nafuta vumbi kwenye funguo zake, na nilisikia sauti zikijibu nje, lakini sikutoka. Karatasi ile ilitumwa juu siku hiyohiyo pamoja na barua ya kuomba idadi irekebishwe. Nakala hatukubaki nayo. Kaboni ilikuwa imeisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, mistari miwili. Idadi inayotambulika ni ile iliyosainiwa na mkaguzi siku ya ukaguzi. Ofisi haitegemei kupokea barua nyingine juu ya suala hili. Hawa ni watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, hawajawahi kuiona njia ya Nangara hata kwa kupita, wanawaambia watoto wa gunia wasiwasumbue. Mpaka leo nikiikumbuka ile mistari miwili damu inanichemka. Lakini silaha waliyoitumia niliwapa mimi.

Madarasa ya juu yalifungwa. Wavulana wengi walihamia shule ya mjini. Pale getini walikuta mwalimu wa zamu anayerudisha nyumbani kila asiye na sare, kwa hiyo baadhi yao wakakata tamaa kabla ya muhula kwisha. Wasichana hawakufika hata hapo getini. Paskalina alihamishiwa shule ya mbali huko ndani. Mwalimu Gwandu alibaki na vidogo vyake vya la kwanza hadi la nne mpaka akastaafu, na kila nilipokwenda kukagua alinipokea vilevile, kwa heshima, akanikaribisha chai. Siku niliyojaribu kumwomba radhi aliniuliza kama mvua zimenyesha huko mjini.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na kazi niliifanya vizuri, sitajidai sikuifanya. Ule mstari wa tatu niliufuta kwenye barua kwa mkono wangu, na mkubwa wangu mmoja alipourudisha nikamwambia kama anautaka aende akakague mwenyewe. Nilikagua shule kuanzia Mutuka hadi milima ya Mbulu. Nikifika mahali, kabla ya rejista, nilizunguka nyuma: jikoni kwa walimu, kichakani, kwenye nyumba za jirani, kanisani. Niliwakuta wengi. Watoto wenye vidonda walifichwa, wajawazito walifichwa, bubu alifichwa stoo na majembe. Kila mahali wanafichwa kwa ajili ya heshima ya mgeni, na mgeni ni sisi. Hata ninyi mnafichwa watoto, msijidanganye na magari yenu na simu zenu za kujazia fomu. Mkikuta shule imependeza sana, ulizeni nani hayupo.

Mwezi uliopita, nilipoanza kuandika haya, niliona haitoshi kusema "watoto ishirini na wanne". Niliona hapa mwishoni niandike majina yao yote, kwa wino wangu, yabaki kwenye maktaba yenu ya ofisi. Mzee Bura amekufa siku nyingi, na Mwalimu Gwandu pia. Nikapanda basi hadi Dareda, anakoishi Paskalina. Naye amestaafu, ana miwani minene na shamba la maharage. Nilimkuta uani anapukuchua, kikapu mapajani.

"Shikamoo Mama Tumaini," akasema, akanisogezea kigoda. "Karibu."

Tukaongea habari za watoto, za magoti, za mvua. Akanipa chai nikainywa. Kisha nikamweleza shida yangu, nikatoa daftari na kalamu.

"Majina ninayo," akasema. "Yote. Nikilala naweza kuyaita kwa mpangilio wa rejista, A mpaka Z."

"Basi nitajie, Mwalimu."

Akaendelea kupukuchua. "Sikutajii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiyaandika hapo utaona umeshawahesabu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuambia maziwa yameisha. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Nimetoka Babati na magoti yangu mabovu, nimebanwa kwenye basi, nimekuja kutengeneza nilipoharibu, na huyu ananinyima! Nikafunga daftari. Alinifungia debe dogo la maharage, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami hadi basi likaja.

Kwa hiyo hapa yalipotakiwa kuwa majina ishirini na manne, hayapo. Ninalo moja tu, la Teresia, na hilo sikumuuliza, alinipa mwenyewe.